Miadi ya Kliniki Ina Pande Mbili

Katika vituo vingi vya afya nchini Tanzania, mgonjwa asiyefika kliniki siku aliyopangiwa huitwa mtoro. Jina hilo limetoka mbali. Katika pwani ya karne ya 19, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Baadaye shule zikalichukua kwa ajili ya mtoto anayekwepa masomo. Leo limo katika mazungumzo ya wahudumu wa afya wanapofuatilia wagonjwa wa kifua kikuu na wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na linazidi kuwaandama wagonjwa wa shinikizo la juu la damu na kisukari. Popote lilipopita, neno hili limebeba dhana moja: kosa ni la aliyeondoka.

Liko neno jingine katika daftari lilelile la kliniki, nalo ni miadi. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa waadi, yaani ahadi. Ahadi huwafunga watu wawili. Mgonjwa anaahidi kufika. Kituo nacho kinaahidi kwamba akifika atamkuta tabibu, atapimwa na atapata dawa. Lakini lugha ya kliniki imempa jina mvunja ahadi wa upande mmoja tu. Mgonjwa asipofika ni mtoro. Dawa zisipokuwepo, husemwa kwamba zimeisha.

Tofauti hiyo haiishii katika maneno. Humfanya mgonjwa aliyekosa siku moja aone haya kurudi, na humfanya aliyerudi afiche ukweli. Katika maradhi yanayotibiwa kwa miaka mingi, haya na maficho hayo huweza kugharimu figo, jicho au uhai.

Maradhi yasiyobisha hodi

Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 miongoni mwa Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa takribani robo yao walikuwa na shinikizo la juu la damu, na takribani 9 kati ya kila 100 walikuwa na kisukari. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 1.3 duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na kwamba ni takribani mmoja tu kati ya kila watano ambaye shinikizo lake limedhibitiwa.

Tatizo la kukatiza matibabu halihusu nchi maskini peke yake. Ripoti nyingine ya shirika hilo, ya mwaka 2003, ilieleza kuwa hata katika nchi zilizoendelea ni wastani wa nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu yao kama walivyoelekezwa. Nchi hizo zina simu, magari na bima, na bado nusu ya wagonjwa huteleza. Hivyo umaskini peke yake hautoshi kueleza kinachotokea.

Sababu moja kubwa imo katika tabia ya maradhi yenyewe. Malaria humlaza mtu, na jino bovu humnyima usingizi. Shinikizo la juu la damu, kwa wengi, haliumi. Wapo wanaosubiri kichwa kiume ndipo wajue kuwa presha imepanda, lakini kichwa si kipimo cha presha. Mtu anaweza kuwa na shinikizo la 180 kwa 110 huku akilima au akiuza duka kama kawaida. Kisukari nacho huweza kuharibu mishipa midogo ya nyuma ya jicho kwa miaka kadhaa kabla mwenye jicho hajaona tofauti yoyote. Kwa kuwa mwili haumkumbushi, mgonjwa hana budi kukumbushwa na kalenda.

Kila tarehe ina kazi yake mahususi, na mgonjwa anayeijua kazi hiyo huwa na sababu ya kuishika. Kwa mwenye shinikizo la juu la damu aliyeanza dawa au aliyebadilishiwa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza aonwe kila mwezi hadi shinikizo lishuke kufikia lengo. Likishatulia, aonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6. Kwa mwenye kisukari, kipimo cha HbA1c, ambacho wengi hukiita sukari ya miezi mitatu, hueleza wastani wa sukari katika wiki 8 hadi 12 zilizopita. Huweza kufanya hivyo kwa sababu chembe nyekundu za damu huishi kwa takribani siku 120, na sukari hung'ang'ania ndani yake muda wote huo. Mtu aliyejinyima chai ya sukari kwa siku tatu kabla ya kliniki anaweza kuidanganya glukomita, lakini HbA1c haidanganyiki. Pamoja na hayo, kwa kawaida angalau mara moja kwa mwaka miguu hukaguliwa, macho huchunguzwa, na mkojo na damu hupimwa ili kujua hali ya figo.

Ziara ya mwaka ndiyo inayopotea kwa urahisi zaidi. Mgonjwa aliyezoea kupima presha na kuchukua dawa dirishani huona kuwa amemaliza, na tabibu mwenye foleni ya watu sitini huweza kumwacha aende. Ni vyema basi ukurasa wa kwanza wa daftari la kliniki uandikwe mistari minne: macho, miguu, figo, HbA1c, na mbele ya kila mmoja tarehe ya mara ya mwisho. Mstari usio na tarehe utawakumbusha wote wawili.

Hesabu ya vidonge na hesabu ya siku

Utoro mwingi huanzia katika hesabu. Mgonjwa anapewa vidonge 28, kimoja kwa siku, na kuambiwa arudi baada ya mwezi mmoja. Akianza tarehe 5 Machi, vidonge vitakwisha tarehe 1 Aprili; siku ya kurudi ni tarehe 5. Kwa siku tatu, yaani tarehe 2, 3 na 4, hana dawa, ingawa hajakosea lolote. Anayepewa vidonge 90 kwa miezi mitatu kuanzia tarehe 1 Julai atavimaliza tarehe 28 Septemba, ilhali siku yake ni tarehe 1 Oktoba. Naye atakaa siku mbili bila dawa.

Pengo hilo hupanuka pale kliniki inapofanyika siku moja tu kwa wiki. Ikiwa kliniki ya kisukari ni Jumatano, na Jumatano hiyo ikaangukia Idi au Nanenane, mgonjwa atasubiri wiki nzima. Wengi hulitatua tatizo kwa akili ya nyumbani: huanza kumeza siku moja na kuacha nyingine, hukata kidonge katikati, au huazima kwa jirani mwenye ugonjwa kama wao. Njia zote tatu ni hatari. Dozi iliyokatwa haishushi shinikizo inavyotakiwa, baadhi ya vidonge havikutengenezwa vikatwe, na dawa ya jirani huenda ni ya aina nyingine kabisa. Zipo pia dawa, propranololi ikiwa mojawapo, ambazo zikiachwa ghafla zinaweza kuurudisha ugonjwa kwa kishindo.

Tiba yake ni nyepesi. Anayeandika cheti ahesabu siku kwa kalenda, asiseme mwezi mmoja kwa mdomo, kisha aongeze vidonge vya wiki moja kama akiba pale ghala linaporuhusu. Mgonjwa naye avihesabu vidonge akiwa bado dirishani, kabla ya kuondoka, na aulize jambo moja: vitanifikisha tarehe niliyoandikiwa?

Tarehe hupangwa na wawili

Katika kliniki nyingi tarehe huandikwa na mkono mmoja. Daftari hufunguliwa, kalenda hutazamwa, mhuri hugongwa. Mgonjwa huipokea kama alivyopokea cheti, na kwa heshima aliyo nayo kwa daktari husema ndiyo, hata pale anapojua kuwa siku hiyo haitawezekana. Mkulima anayepangiwa wiki ya kupanda, mama lishe anayepangiwa siku ya gulio, mwalimu anayepangiwa wiki ya mitihani ya taifa, wote wanajua tangu siku hiyo kuwa hawatafika. Hawakuulizwa, nao hawakusema.

Swali linalohitajika halichukui dakika moja: "Je, mama, siku hiyo utaiweza?" Baada yake linafuata la pili: "Utakuja kwa njia gani, na nauli utaipataje?" Majibu yake huweza kusogeza tarehe kwa siku nne na kuokoa miezi minne.

Mwaka wa mgonjwa una majira yake, na majira hayo yanajulikana mapema. Masika, kati ya Machi na Mei, barabara nyingi za vijijini hazipitiki, na hata Dar es Salaam bonde la Jangwani likijaa maji, daladala na mabasi hubadili njia au husimama. Mgonjwa wa eneo la namna hiyo aliyetulia anafaa kupewa dawa za miezi kadhaa kabla mvua hazijaanza. Kwa Mwislamu mwenye kisukari, mfungo wa Ramadhani hubadili saa za chakula na za dawa kwa mwezi mzima. Wataalamu wanashauri aonwe wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, ili ijulikane kama kufunga ni salama kwake, dozi zipangwe upya kati ya daku na futari, na ajue ni wakati gani hana budi kufungua ili kuokoa uhai wake. Mgonjwa anayesubiri hadi wiki ya kwanza ya mfungo amechelewa, na kliniki isiyoikumbuka kalenda ya Hijria inapompa tarehe imechelewa pamoja naye.

Somo kubwa zaidi la kupanga tarehe limetoka katika huduma za UKIMWI. Tanzania ilipoanza kutoa dawa hizo kwa mpango wa kitaifa mwaka 2004, kurudi kila mwezi kulikuwa jambo la kawaida, na vituo vya tiba na matunzo vilijaa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa wagonjwa waliotulia wahudhurie mara chache zaidi, kila baada ya miezi 3 hadi 6, na dawa zitolewe kwa kipindi kama hicho. Tanzania ilifuata mkondo huo. Kumwona mtu aliyetulia mara chache si kumtelekeza. Ni kumpunguzia nauli na siku za kazi zinazopotea, na ni kumpa tabibu nafasi ya kukaa na yule ambaye hajatulia. Kliniki za presha na kisukari ambazo bado humrudisha kila mtu kila mwezi, aliyetulia na asiyetulia, zinajitengenezea foleni inayowafukuza wote.

Siku moja kabla ya kliniki

Ziara iliyoandaliwa vizuri huanza jioni ya siku iliyotangulia. Mgonjwa huweka pamoja daftari lake, kadi ya bima kama anayo, majibu ya vipimo, na dawa zote anazotumia zikiwa katika pakiti zake, pamoja na za asili na zile alizonunua dukani bila cheti. Dawa za kutuliza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huweza kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Tabibu asiyejua kuwa zinatumika atatafuta sababu mahali pasipo na sababu. Ni vizuri pia kuandika maswali mawili au matatu, kwa kuwa maswali yaliyobebwa kichwani hupotea mlangoni.

Asubuhi ya kliniki ina mtego wake. Wagonjwa wengi huacha kumeza dawa za presha siku hiyo kwa kudhani kuwa wanapaswa kwenda wakiwa hawajatia kitu mdomoni. Wanafika baada ya safari na foleni, wanapimwa, shinikizo linasoma juu, na dozi inaongezwa bila sababu. Kwa kawaida dawa ya presha humezwa kwa maji saa zilezile za kila siku, hata kama mgonjwa anakwenda kupimwa sukari ya kufunga, isipokuwa tabibu ameelekeza vinginevyo. Dawa za kisukari ni habari nyingine: kumeza kidonge cha kushusha sukari au kuchoma insulini kisha kukaa kwenye benchi hadi saa sita mchana bila kula kunaweza kumwangusha mtu. Mgonjwa aulize mapema azitumie saa ngapi, na abebe chakula cha kula mara baada ya damu kuchukuliwa.

Kipimo cha presha nacho kina adabu zake. Mgonjwa akae kwa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imegusa sakafu bila kukunjwa, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kikiwa kitupu, na asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita. Mhudumu asizungumze naye wakati mashine inasoma.

Aliyechelewa anaporudi

Hata baada ya mipango yote, mtu atakosa siku yake. Atafiwa, atauguliwa, atasafiri, atasahau. Kitakachotokea siku atakaporudi kina uzito kuliko siku aliyoikosa.

Mara nyingi kinachotokea ni kugombezwa, tena mbele ya wenzake wa foleni. Anayegomba huenda ana nia njema, lakini mgonjwa hujifunza jambo moja tu: akisema kweli, ataaibishwa. Anapoulizwa kama amekuwa akimeza dawa zake, hujibu kuwa amemeza zote. Hapo ndipo hatari yenyewe inapozaliwa. Tabibu anaona shinikizo la 190 kwa mgonjwa anayedai kuwa hajaruka hata kidonge kimoja, na kwa mantiki ya kawaida ya kitabibu anahitimisha kuwa dawa imeshindwa. Anaongeza dozi au anaongeza dawa ya pili na ya tatu. Mgonjwa, aliyekuwa hajameza hata moja kwa wiki tatu, anarudi nyumbani kwa hofu na kuzimeza zote. Shinikizo linaporomoka, anasimama usiku kwenda msalani, anaona kizunguzungu, anaanguka. Kwa mwenye insulini, dozi iliyopandishwa kwa sababu ya jibu lisilo la kweli inaweza kumshusha sukari hadi kupoteza fahamu.

Kwa hiyo swali la mhudumu linastahili kuulizwa kwa namna inayomruhusu mtu kusema kweli. Badala ya "Umemeza dawa zako?", ambalo lina jibu moja tu la heshima, yafaa aulize: "Watu wengi hurukwa na siku mbili tatu. Wewe katika wiki hii umerukwa na ngapi?" Akishajua kuwa dawa zilikatika, mara nyingi kinachohitajika ni kuzirejesha zilezile na kumwona tena baada ya wiki chache, si kuongeza nyingine. Kisha aulize kilichomzuia, na akiandike. Sababu ikiandikwa mara tatu kwa wagonjwa watatu, huacha kuwa udhaifu wa mtu na kuwa taarifa kuhusu kituo.

Wahenga walisema kawia ufike. Mgonjwa aliyekosa tarehe hana haja ya kusubiri tarehe nyingine ipangwe, wala kusubiri apate maelezo mazuri ya kutoa. Aende siku ya kliniki inayofuata, na kama dawa zimekwisha, aende mapema zaidi, hata kwenye zahanati ya karibu, akiwa na daftari lake.

Deni la kituo

Upande wa pili wa ahadi una kazi zake, na nyingi hazihitaji fedha nyingi. Ya kwanza ni rejista ya miadi inayosomwa mara mbili: jioni, kujua nani atakuja kesho, na siku inayofuata, kujua nani hakuja. Asiyefika apigiwe simu ndani ya wiki hiyo, kwa maneno ya kumjulia hali. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2013, yakijumuisha majaribio 8, yalionyesha kuwa ujumbe mfupi wa simu huongeza mahudhurio ukilinganishwa na kutokumbusha kabisa, na kwamba haukutofautiana sana na kupiga simu. Ujumbe huo lazima utunze siri. Simu nyingi za nyumbani hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, hivyo jina la ugonjwa lisitajwe, na mgonjwa aulizwe kwanza kama anaridhia kutumiwa.

Kazi ya pili ni kugawa saa. Kliniki inayowaita watu wote saa moja asubuhi huwafundisha kuwa siku ya kliniki ni siku iliyopotea. Ikiwaita kwa makundi, wengine saa moja, wengine saa tatu, wengine saa tano, foleni hupungua bila kuajiri mtu. Kazi ya tatu ni kusema kweli kuhusu dawa. Kituo kinachojua kuwa ghala limepungua kiwaambie wanaokuja wiki hiyo, na kiwaelekeze mahali pengine, kabla hawajalipa nauli ya kuja kuambiwa kuwa dawa zimeisha.

Kuna mambo ambayo hayasubiri tarehe yoyote. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda au maneno kukoroga, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kupoteza uwezo wa kuona kwa ghafla, kidonda mguuni kwa mwenye kisukari, au kutetemeka na kutoka jasho huku akili ikichanganyikiwa: kwa haya mgonjwa apelekwe kituoni siku hiyohiyo na saa hiyohiyo, hata usiku. Anayetetemeka kwa sukari kushuka, ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza, apewe kwanza kitu chenye sukari, kisha safari ianze.

Kwa mengine yote, tarehe iliyo katika daftari ndiyo kinga. Ikiwa imepangwa na wawili, ikiwa vidonge vinaifikia, na ikiwa anayechelewa anajua kuwa atapokewa kwa salamu kabla ya maswali, wengi wa wanaoitwa watoro wataonekana tena kwenye benchi la kliniki.